UZI: Mota ikikata angani droni yako inafanya nini? (Yaliyonikuta Mpunguzi)

Fundi_wa_Mabawa #1

Wakuu habari za jioni. Naomba mnivumilie, uzi ni mrefu na naandikia kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, mkikuta herufi zimerukwa msinisute.

Mi ni kijana wa hapa hapa Dodoma, kazi yangu kupiga picha mashamba kwa droni, zaidi ni zabibu, Mpunguzi, Hombolo, na mara moja moja Chamwino. Vibali ninavyo, nasema mapema maana najua kuna watu wakiona neno droni swali la kwanza ni TCAA, mamlaka ya anga. Droni yenyewe nimeiunga mwenyewe, mota nne, betri ya seli nne, ubongo wake ni kompyuta ndogo ya Pixhawk na ndani kuna programu ya ArduPilot. Imeruka karibu mwaka mzima bila kunisumbua.

Juzi Jumamosi niko Mpunguzi, saa nne asubuhi, upepo wa mwezi wa saba mnaujua wenyewe, unatoka kusini mashariki umebeba vumbi kama umetumwa. Droni iko mita 60, inakwenda mistari yake vizuri, mi nimesimama chini ya mti naangalia skrini. Mara nikasikia sauti imebadilika, ule mlio wa nyuki ukawa kama nyuki aliyelewa, nikainua kichwa nikaona inapinduka. Sio kuyumba, kupinduka, tumbo juu. Nikavuta stiki, nikabonyeza kitufe cha kurudi nyumbani (najua, najua), wapi. Sekunde nne hivi ikawa imeingia kwenye waya za mizabibu, imekata mmoja, imelala.

Sasa mstari wa pili yake kulikuwa na mama mmoja anafunga matawi. Hatua kama ishirini. Nikakimbia natetemeka, nikamwamkia, nikamwomba radhi, yeye akaitazama ile droni, akanitazama mimi, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, hiki kikidondoka kinajua kunikwepa?"

Sikuwa na jibu. Nikajifanya nimeshughulika na betri, ambayo kweli ilikuwa imebonyea pembeni nikaichomoa na kuifukia kwenye mchanga isije ikawaka, lakini swali limenikaa kichwani mpaka leo. Kwa hiyo wajuvi, tukiacha ile ya "nunua ya bei", kifaa kimoja kikifa angani droni inatakiwa ifanye nini, na sisi tunatakiwa tuwe tumeiandaa vipi kabla haijapaa?

Msemakweli77 #2

Acha kuunga unga vitu dogo. Nunua ya dukani, ina kitufe cha kurudi nyumbani, inarudi yenyewe. Uzi ufungwe.

NipoPaleNimekaa #3

Siti ya mbele. Mahindi ya kuchoma nimekuja nayo toka Kibaigwa.

Binti_wa_Bahi #4

Pole sana kaka, na mshukuru Mungu yule mama mzima. Mi napulizia dawa kwenye mpunga huku Bahi, za kwetu ni kubwa, tenki lita 30, ikidondoka sio waya wa zabibu unaokatika. Kabla watu hawajaanza kubashiri hapa, weka logi, ile kumbukumbu droni inayojiandikia ikiwa angani. Kadi ya Pixhawk imepona? Fungua sehemu ya RCOU utuambie zile chaneli nne za mota zilifanya nini sekunde ya mwisho kabla haijapinduka. Mengine yote ni ramli.

Fundi_wa_Mabawa #5

Imepona dada. Nimefungua sasa hivi. Zote nne zilikuwa zinacheza pamoja katikati, halafu ghafla C3 ikapanda mpaka juu kabisa ikagota hapo, na C4 ikashuka mpaka chini kabisa. C1 na C2 zinahangaika katikati. Pia kulikuwa na ujumbe umetokea mara moja, "Potential Thrust Loss (3)", ambao mi sikuuona kwa sababu nilikuwa naangalia juu.

Kwa hiyo ni mota namba 4 imekufa si ndio? Maana ndo iliyoshuka. Nimeifungua, beringi iko safi, inazunguka kama mpya, sielewi.

Mzee_Solda #6

Mwanangu umeisoma kinyume, na usione aibu, karibu kila mtu anaisoma kinyume mara ya kwanza.

Ile logi haikuonyeshi mota ilifanya nini. Inakuonyesha ubongo uliiamuru mota ifanye nini. Ubongo uliona kona ya mbele kushoto inazama, hiyo ndiyo mota 3, ukaiambia ongeza, haikuongeza, ukaiambia ongeza zaidi, haikuongeza, mpaka amri ikagota juu. Hapo hapo ili droni isilale upande ule ikabidi upunguze kona ya mkabala, nyuma kulia, ambayo ni mota 4. Aliyepigiwa kelele hadi mwisho ndiye mgonjwa. Aliyenyamazishwa hana kosa lolote.

Wacha mota 4 ilivyo. Nenda kwenye mota 3, usiifungue mota yenyewe, shika zile waya tatu zinazotoka kwenye ESC (kile kifaa kinachoilisha mota umeme) mmoja mmoja, vuta kila mmoja taratibu kwa vidole viwili, urudi utuambie.

Fundi_wa_Mabawa #7

Mzee shikamoo.

Waya wa katikati umetoka wote mkononi.

Nimekaa chini kwanza. Nimeitazama ile pini ya dhahabu kwa kioo cha kukuzia, solda yake ya kijivu, imechakaa, ina chenga chenga kama uji wa uwele uliopoa, ukilinganisha na waya wa pembeni ambao solda inang'aa na imetambaa mpaka ndani ya nyuzi. Yaani ule waya haukuwa umeshika, ulikuwa umekaa tu umezungukwa na solda, mwaka mzima, kilichokuwa kinaushikilia ni ile plastiki nyeusi ya kufinyia kwa moto. Na nakumbuka kabisa siku naichoma umeme ulikuwa chini, pasi ya solda haikupata moto vizuri, nikasema itatosha.

Mzee_Solda #8

Marahaba. Hiyo inaitwa solda baridi, nimeikuta kwenye redio za miaka ya 80 na bado ipo. Mota hizi zina njia tatu za umeme, ukipoteza moja haisimami kistaarabu, inatetemeka, inapoteza hesabu, inakata. Ndio ule mlio wa nyuki mlevi ulioniambia. Mtetemo wa mwaka mzima ndio uliomaliza kazi, sio upepo wa Jumamosi.

Msemakweli77 #9

Si nilisema? Ya dukani haina mambo ya solda.

Binti_wa_Bahi #10

Ina solda, ila huioni.

Mwanachuo_Ngongona #11

Wakuu mi nasoma pale Udom, hii mada ndo nimeishughulikia kwenye projekti ya mwaka wa mwisho kwa hiyo nitachangia kidogo kuhusu kwanini ya mota nne inapinduka na je ilikuwa lazima ipinduke.

Mota nne mbili zinazunguka kulia na mbili kushoto, zinafutana ndo maana mwili wa droni hauzunguki. Zile za mkabala, mfano 1 na 2, zinakwenda upande mmoja. Sasa 3 ikifa, ili isilale lazima 4 nayo upunguze karibu kuizima kabisa, umebaki na 1 na 2, na hizo zote zinazunguka upande mmoja, hakuna wa kuzipinga, mwili wote unaanza kuzunguka kama pia. Ubongo wa kawaida haukubali hilo, umefundishwa kulinda vitu vinne kwa pamoja, kimo, kulala mbele na nyuma, kulala kushoto na kulia, na pua iangalie wapi. Unapigania vyote vinne na mota mbili na nusu, unapoteza vyote.

Kilichonishangaza wakati nasoma ni kwamba dawa yake ni kuacha kimoja. Mwaka 2014 Mark Mueller na Raffaello D'Andrea wa chuo cha ETH Zurich, Uswisi, walionyesha kuwa droni ya mota nne inaweza kuendelea kudhibitika ikipoteza propela moja, mbili, hata tatu, kwa sharti moja tu, uiambie pua yako iachie, zunguka unavyotaka. Ikikubali kuzunguka, kumbe unaweza kuielekeza mhimili wa ule mzunguko ulale kidogo huku au kule, na ikakaa hewani na kutua unapotaka. Inaonekana kama kichaa lakini haidondoki.

Tatizo lilikuwa zile za maabara kuna kamera zimefungwa ukutani zinaiangalia na kuiambia uko hapa. Shambani Mpunguzi hakuna ukuta. Baadaye, 2021, watu wa Chuo Kikuu cha Zurich na chuo cha TU Delft cha Uholanzi wakafanya bila kamera za nje na bila GPS, droni inajitazamia yenyewe chini kwa kamera yake huku inazunguka mizunguko kama 3 kwa sekunde, na mwanga ukiwa hafifu picha ya kawaida inafifia wakatumia kamera za aina nyingine zinazoshika mabadiliko ya mwanga tu, zile hazichanganyikiwi haraka na mzunguko.

NipoPaleNimekaa #12

Mizunguko mitatu kwa sekunde na bado inajua iko wapi. Mi nikizunguka mara mbili kwenye ngoma naomba maji.

Fundi_wa_Mabawa #13

Sasa mdogo wangu hiyo kitu mi naiwekaje kwenye ya kwangu?

Mwanachuo_Ngongona #14

Kwa ArduPilot ya kawaida ya mota nne haipo braza. Mota ikifa inakuandikia ule ujumbe uliouona, na inadondoka.

Binti_wa_Bahi #15

Ndo maana tuongee lugha ya shamba. Mwanachuo umeeleza vizuri sana lakini ngoja niongeze kitu ambacho wale wa Zurich hakikuwasumbua, hewa ya kwetu.

Dodoma tuko kama mita 1,100 na kitu juu ya usawa wa bahari. Saa nane mchana jua limewaka nyuzi 32, hewa ya hapa ina uzito pungufu karibu asilimia 17 kuliko ile wanayoandikia vitabu vya mota, hesabu hiyo nimeifanya mwenyewe na unaweza kuirudia. Propela inashika hewa nyepesi, kwa hiyo mota inazunguka haraka zaidi kukaa pale pale. Halafu fundi unafunga kamera, unafunga betri kubwa "ili ikae hewani zaidi", unafunga na miguu mirefu isiguse miba. Umeshakula akiba yote kabla hujapaa.

Kaka angalia logi yako wakati imesimama hewani imetulia bila upepo, amri ya mota iko asilimia ngapi? Mi nabashiri sitini na kitu. Ukiwa sitini na kitu mota moja ikifa hata uwe na ubongo wa Zurich wote mota hazitaweza, maana mbili zilizobaki zinatakiwa kubeba mzigo wa nne. Ukitaka kusalimika unatakiwa ukae chini ya hamsini, na hapo ndo unaanza mazungumzo.

Sisi za kupulizia zina mota sita, nyingine nane. Ya mota sita ikipoteza moja inapunguza ya mkabala wake, zinabaki nne zinabeba, pua inakuwa nzito kugeuka, pengine inajizungukia taratibu, lakini inashuka kwa miguu yake. Mwaka juzi moja yetu ilipoteza propela, ilikunjika tu yenyewe, na ilishuka kwenye jaruba kama bata, tenki likiwa robo. Lingekuwa limejaa nisingeapa.

Fundi_wa_Mabawa #16

Sitini na nne. Umejuaje?

Binti_wa_Bahi #17

Umesema picha za mistari na upepo wa mwezi wa saba. Kila mtu anafunga kamera nzito kuliko anavyohitaji.

Kondoa_Kwetu #18

Samahani wakuu mi nina swali la tofauti, je sio mota ila ni sensa ndo imekufa? (sio ile ya watu na makazi). Yangu juzi ilianza kuzunguka duara, duara linapanuka, kama maji yanayoingia kwenye tundu la sinki, nikaikimbiza mpaka kwenye uzio wa jirani. Mota zote nzima, betri nzima.

Mzee_Solda #19

Ulikuwa umesimama wapi ulipoiwasha?

Kondoa_Kwetu #20

Juu ya slabu ya nyumba inayojengwa mzee, pazuri pamenyooka.

Mzee_Solda #21

Chini ya hiyo slabu kuna nondo. Dira ya droni ni sumaku, umeiamsha juu ya chuma, ikaamini kaskazini iko upande mwingine. GPS inasema nimesogea mashariki, ubongo unairudisha magharibi kwa kufuata dira inayodanganya, kumbe inaisukuma kusini, GPS inalalamika tena, inasahihisha tena kwa kosa lile lile, ndio duara lako linapanuka. Mabati, gari, spika, nondo, vyote ni hivyo hivyo. Nenda kwenye udongo.

Na hapa niseme jambo la mashahidi. Watu wanasikia Pixhawk nyingine zina sensa za mwendo tatu wanalala usingizi. Ukiwa na shahidi mmoja unamwamini kwa sababu huna mwingine. Ukiwa na wawili wakapingana, unajua kuna mwongo lakini hujui nani. Ndio maana wanaweka watatu, wawili wakikubaliana yule mmoja anatolewa nje. Sawa. Lakini watatu wanaolala nyumba moja na kula sahani moja ni shahidi mmoja mwenye midomo mitatu. Propela yako ikiwa na ufa, mtetemo unawafikia wote watatu sawasawa. Umeme ukishuka kwenye waya mmoja unaowalisha wote, wote wanaanza kuweweseka pamoja. Nimeona mtu amefunga GPS mbili za bei, zote zinalishwa na plagi moja isiyo na klipu.

Kwa hiyo angalieni mtetemo kwenye logi, sehemu ya VIBE. ArduPilot wenyewe wanasema chini ya 30 inavumilika, juu ya 60 ni karibu hakika una matatizo. Fundi ya kwako ilikuwa ngapi?

Fundi_wa_Mabawa #22

Miezi ya mwanzo 12. Wiki ya mwisho ilikuwa 27, 28. Daah. Ilikuwa inaniambia.

Mwanachuo_Ngongona #23

Kuongezea kwa wa Kondoa, matoleo ya karibuni ya ArduPilot yanaweza kukadiria pua iko wapi kwa kulinganisha mwendo wa GPS na sensa za mwendo, hivyo dira ikichanganyikiwa angani yanaweza kujirekebisha bila dira. Ila lazima iwe inatembea, ikiwa imesimama tuli hakuna cha kulinganisha.

Msemakweli77 #24

Nyie mnazunguka sana. Narudia, kitufe cha kurudi nyumbani. Tatizo lolote bonyeza, inarudi. Kwanini mnafanya maisha magumu.

Binti_wa_Bahi #25

Haya braza tukae chini tuongee hicho kitufe maana naona unakiamini kuliko mke.

Kitufe hakirudishi mota iliyokufa, hilo fundi ameliona. Kitufe kinahitaji GPS ijue iko wapi na dira ijue pa kuelekea, kwa hiyo vikiwa ndo vinavyodanganya unamwambia kipofu akupeleke nyumbani. Betri ikiwa ndo inakufa, kitufe kinafanya nini kwanza? Kwenye ArduPilot kama iko chini ya kimo kilichowekwa kinaipandisha kwanza, usipogusa ni mita 15, watu wengi wanaweka 40, 50 kwa ajili ya mibuyu na minara. Kupanda ndo kitu kinachokula betri kuliko vyote, na huko juu ndo upepo mkali zaidi. Nimeona droni inapanda ili irudi nyumbani ikaishia kudondoka kutoka juu zaidi.

Na upepo. Wengi mnapaa, mnaiachia iende na upepo kuelekea magharibi, inakwenda mbio, raha. Kurudi ni kupanda upepo na betri iliyochoka. Anzeni kwa kupanda upepo, kusini mashariki kwanza, ili siku ikiugua upepo wenyewe unaisukuma kwako. Hiyo ni bure haihitaji kifaa.

Halafu "nyumbani" ni wapi? Fundi nyumbani kwako ni pale ulipoiwashia, chini ya mti karibu na njia ya watu na pikipiki. Ukiwa juu ya shamba tupu na kitu kimekufa, kwanini unaitoa kwenye shamba tupu unaileta kwenye watu? Ishuke hapo hapo. Mi zangu zote nimeziwekea ikipoteza mawasiliano na iko juu ya mpunga, itue, ilowane, nitaifuata na ndoo.

Msemakweli77 #26

Maji yataiharibu.

Binti_wa_Bahi #27

Ndiyo.

NipoPaleNimekaa #28

Mahindi yameisha naomba mtu apite Majengo aniletee mengine.

Fundi_wa_Mabawa #29

Nimekaa na hili neno la "kuacha kimoja" la Mwanachuo tangu jana. Naona ndo jambo lenyewe. Siku zote nilikuwa nafikiria usalama ni kuongeza, ongeza GPS, ongeza sensa, ongeza betri, kumbe kila nikiongeza naongeza na uzito na pini ya kuchoma solda. Sijawahi kukaa chini nikajiuliza kikifa hiki niache nini. GPS ikifa niache kusimama sehemu moja, nishike kimo tu na kuirudisha kwa macho. Baromita, sensa ya kimo, ikilewa (na upepo wa huku unaingia kwenye kile kitundu, wekeni sponji) niache kimo, nirushe kwa mkono. Mota ikifa niache pua. Na vyote vikishindikana niache droni yenyewe, niizime ishuke palipo tupu.

Na hapa nakiri kitu, mwaka mzima sikuwahi kuirusha bila GPS. Hata dakika moja. Kitufe cha kushika kimo tu sikijui kinavyohisi mkononi. Jana nimejaribu kwenye kompyuta, ArduPilot ina sehemu ya kurushia droni ya bandia, nikaizimia GPS, nikaigonga ardhini mara saba.

Vipi kuhusu parashuti? Kuna mtu anauza.

Mwanachuo_Ngongona #30

Parashuti nzuri lakini piga hesabu kabla ya kulipa. Ikishuka kwa mita 5 kwa sekunde toka mita 60 inachukua sekunde 12. Upepo wa mita 10 kwa sekunde, huo wa mwezi wa saba unafika bila shida, unaisukuma mita 120 pembeni. Kutoka Mpunguzi katikati ya shamba inaweza kuitua barabarani, ila itakuwa inashuka taratibu. Na ArduPilot usipobadilisha haifungui chini ya mita 10, kwa sababu haitakuwa na muda wa kujaa.

Binti_wa_Bahi #31

Kwa tenki la lita 30 ningeifunga leo. Kwa droni ndogo ya picha ningeanza na kupunguza uzito. Maoni yangu tu.

Kondoa_Kwetu #32

Betri je? Mi alamu yangu nimeweka volti 14.0 kwa seli nne, inatosha?

Mzee_Solda #33

Inatosha kama seli zote nne ni ndugu wanaopendana. 3.5 mara nne ni 14.0, sawa. Lakini seli tatu zikiwa 3.7 na moja 2.9, jumla ni 14.0 hiyo hiyo. Alamu inakuambia bado kidogo, kumbe seli moja ilishakufa zamani na ikibanwa na upepo inavuta wenzake chini kwa sekunde moja, droni inazimika kama taa. Nunua kile kipimo kidogo kinachoonyesha seli moja moja, ukimaliza kuruka pima ikiwa bado ya moto, andika kwa kalamu kwenye betri yenyewe. Seli inayobaki nyuma ya wenzake mara tatu mfululizo, hiyo betri iwe ya kuwashia taa nyumbani.

Rubani_wa_Nchi_Kavu #34

Za mabawa je? Naona watu wanazisahau. Ile ya 2018 toka Mwanza kwenda Ukerewe, Wingcopter, ilivuka kilomita 60 kwa dakika kama 40 juu ya ziwa. Na hizi za Zipline za kupeleka damu na dawa, zilizoanza Rwanda 2016, zina parashuti. Ya mabawa mota ikizima inateleza kama tai, ina dakika ya kufikiria.

Binti_wa_Bahi #35

Kweli kabisa, na kwa kupima ramani ya eneo kubwa mi ningechukua ya mabawa. Ila ya mabawa ya kawaida haisimami juu ya mzabibu mmoja, na inataka pa kutua parefu. Kila kazi na chombo chake. Fundi bado uko hapo?

Fundi_wa_Mabawa #36

Nipo, na nina habari. (Siku tisa baadaye, samahani, mtandao na pesa.)

Nimeuza kamera kubwa, nimenunua fremu ya mota sita na kamera ndogo. Imesimama hewani asilimia 45. Leo asubuhi saa kumi na mbili na nusu kabla upepo haujaamka nimekwenda kwenye shamba lililolimwa nyuma ya Nzuguni, hamna mtu, mdogo wangu amesimama mbali kabisa nyuma ya pikipiki. Nimeweka swichi kwenye rimoti inayokata amri ya mota moja. Kwanza nilifanya kwenye kompyuta mpaka nikachoka.

Mita 4 juu, nikakata. Ikashtuka, ikazama kama nusu mita, ikalala upande kidogo, halafu ikakaa. Sauti ikapanda, asilimia ikaenda sitini na kitu. Pua ikaanza kugeuka polepole kuelekea Ihumwa na sikuizuia. Niliacha. Mikono ilikuwa inataka sana kuivuta lakini nikaiacha igeuke, nikashusha tu. Imetua na mguu mmoja umepinda, kosa langu nilishusha haraka.

Nikarudia na betri kubwa juu yake, asilimia 58 kabla ya kukata. Hii haikukaa. Ilishuka tu, sio kupinduka, kushuka, nikairudishia mota mita moja toka chini. Kwa hiyo ile hesabu ya dada wa Bahi sio maneno.

Binti_wa_Bahi #37

Safi sana!! Ile betri kubwa usiifunge tena.

Kondoa_Kwetu #38

Na yule mama ulimjibu?

Fundi_wa_Mabawa #39

Nilikwenda juzi kulipa ule waya. Nikamwambia mama nimeulizia kwa watu wanaojua, hakijui kukwepa, ila sasa nimekifundisha kikiumia kishuke pale pale kilipo badala ya kukimbilia nyumbani, kwa hiyo siku nikirusha mstari wako naomba wewe uwe umeenda kunywa chai. Akasema sawa, basi uje saa nne ndo muda wa chai, na sukari uje nayo.

Mzee_Solda #40

Vizuri. Hiyo mpya, waya umevuta mmoja mmoja?

Fundi_wa_Mabawa #41

Nimevuta mzee. Zote kumi na nane. Mbili nimezichoma upya.